Jenereta siyo TANESCO: kupanga breka za umeme wa muda ili zikate kwa kila chanzo

Maturubai yamefungwa, jukwaa limesimama, bodi ya umeme imevutwa kutoka kwenye mita ya nyumba, na pembeni kuna jenereta ya kVA 20 inayosubiri umeme ukatike. Bodi ni ile ile na breka ni zile zile. Kosa linaanzia hapo, kwa sababu breka haioni shoti. Breka husukumwa na ampea. TANESCO (shirika la umeme la Tanzania) ikiwa nyuma yake, shoti huleta mamia ya ampea, pengine maelfu, na breka hukata kabla hujapepesa jicho. Ukihamia kwenye jenereta, shoti hiyo hiyo inaweza kuleta ampea 80 tu. Breka ya C32, yaani aina C ya ampea 32, itakaa kimya huku waya unachemka chini ya zulia.

Kwa hiyo breka haichaguliwi kwa mzigo peke yake. Inachaguliwa pia kwa chanzo, na chanzo kikibadilika, kinga nayo ibadilike. Yafuatayo ni ya shughuli za turubai, mikutano ya hadhara, kliniki za muda na saiti ndogo za ujenzi, kwa umeme wa 230/400 V. Kuunganisha upande wa mita ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA; Kenya leseni hiyo hutolewa na EPRA.

Chanzo kinasukuma ampea ngapi

Fanya hesabu hii kabla hujanunua breka hata moja.

Upande wa TANESCO, transfoma ya kVA 200 yenye impidensi (ukinzani wake wa ndani) ya 4% hubeba 289 A kwa kawaida, na shoti kwenye vituo vyake, pale nyaya zinapofungwa, ni 289 ÷ 0.04, yaani kama 7,200 A. Mwisho wa laini ndefu namba hiyo hushuka sana, hata kufikia mia chache. Bodi iliyo mbali na transfoma itumie breka zenye uwezo wa kukata 6 kA. Iliyo karibu kabisa nayo ipewe za 10 kA.

Jenereta ya kVA 20 ya fezi tatu hutoa 20,000 ÷ (1.732 × 400) = 29 A. Shoti ikitokea, mizunguko michache ya mwanzo huweza kuwa mara sita hadi nane ya hapo, kisha mkondo hushuka upesi. Kinachobaki kinategemea AVR, kifaa kinachodhibiti volti za alteneta (sehemu ya jenereta inayozalisha umeme), inalishwa na nani. Ile inayojilisha kutoka kwenye vituo vya alteneta yenyewe hufa pamoja na volti: shoti inaua volti, AVR inakosa nguvu, na mkondo unaporomoka hata chini ya ule wa kazi ya kawaida. Alteneta yenye PMG (jenereta ndogo ya sumaku ya kudumu inayolisha AVR), au yenye koili ya ziada ya kulisha AVR, hushikilia takribani mara tatu kwa sekunde kama 10. Kwa kVA 20 hiyo ni 87 A. Soma kitabu cha alteneta, siyo cha injini. Ukikodisha jenereta, uliza swali hilo moja kabla ya kuuliza bei.

Inveta ya kVA 5 hutoa 22 A. Ikipigwa shoti hutoa kama mara mbili kwa muda mfupi sana, kisha inajizima ili kuokoa transista zake.

Sasa linganisha na breka. Sumaku ya ndani ya breka ya aina B huvuta na kukata kati ya mara 3 na 5 ya namba iliyoandikwa juu yake. Aina C mara 5 hadi 10. Aina D mara 10 hadi 20. Kwa usalama hesabu kwa namba ya juu. B16 inahitaji 80 A ili ikate papo hapo, C16 inahitaji 160 A, C32 inahitaji 320 A. Ukiipa C32 ampea 87 za jenereta, sumaku haiamki. Inabaki bati ya joto, ambayo hukata polepole. Na viwango vinairuhusu breka ya hadi 32 A kuchukua hata sekunde 60 ikibeba mara 2.55 ya namba yake. Jenereta yako itashikilia sekunde 10 tu.

Kanuni ya haraka: chukua mkondo wa shoti unaodumu, gawanya kwa 5 kupata B kubwa kabisa, gawanya kwa 10 kupata C kubwa kabisa. Kwa 87 A unapata B16 au C6. Mistari yote ya mwisho inayolishwa na jenereta hiyo iwe B16 kushuka chini. Aina D isahau kabisa.

Watu wa muziki hulalamika kwamba B16 inaruka wakiwasha ampilifaya. Ni kweli, transfoma kubwa huvuta mkondo mkali ikiamka. Dawa yake ni kuwasha moja moja kwa kupishana sekunde chache, au kugawa kwenye mistari miwili. Kumwekea mtu wa muziki C32 ili asilalamike ni kuondoa kinga kwa kila mtu aliye chini ya turubai.

Waya nao unakula ampea

Waya wa shaba wa 2.5 mm² una ukinzani wa 7.41 Ω kwa kilomita. Mita 50, kwenda na kurudi, ni 0.74 Ω. Kama chanzo na nyaya za nyuma zina 0.5 Ω nyingine, shoti mwisho wa waya ni 230 ÷ 1.24 = 185 A, na C16 inakata. Badilisha uweke 1.5 mm² ya urefu huo huo: ukinzani unakuwa 1.21 Ω, shoti 134 A, na C16 haina dhamana tena ya kukata papo hapo. B16 inakata bila wasiwasi. Hiyo ni kwa TANESCO. Kwa jenereta hali ni mbaya zaidi.

Kushuka kwa volti kunakuja juu ya hapo. 2.5 mm² hupoteza kama 18 mV kwa kila ampea kwa kila mita: mita 30 na 16 A ni 8.6 V, inavumilika. Mita 50 ni 14.4 V, na friza itaanza kuguna. Ukizidi mita 40, panda 4 mm². Rili ya ekstensheni ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita tano tu, maana waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Rili nyingi zimeandikwa namba mbili pembeni, moja ikiwa imefungwa na nyingine ikiwa imefunguliwa, na tofauti yake ni kubwa.

Bodi yenyewe

Kwa kVA 20 na TANESCO ya fezi tatu, bodi inayohimili kurushiwa maji (IP44 kwenda juu) inahitaji:

- plagi mbili nyekundu za CEE za 32 A zenye pini tano, moja ya TANESCO na moja ya jenereta;
- chenjiova ya mkono (swichi ya kuhama kutoka chanzo kimoja hadi kingine) inayokata nyaya nne, yaani fezi tatu na nyutro;
- breka kuu ya kila upande, nje ya chenjiova: C32 upande wa TANESCO, B32 upande wa jenereta;
- RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya 300 mA aina S, yaani inayochelewa kidogo, baada ya chenjiova;
- mistari sita hadi tisa ya B16 au B10, kila mmoja na RCD yake ya 30 mA aina A (zile zilizounganishwa na breka ndani ya kasha moja ndizo bora);
- rilei ya kulinda volti ya fezi tatu, na kontakta (swichi inayovutwa na koili ya umeme) ya 40 A.

Breka mbili za kuingilia ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kufanya kinga ibadilike yenyewe. Ukigeuza chenjiova umegeuza na breka, hakuna cha kusahau. B32 bado ni kubwa kukata papo hapo kwenye 87 A. Kazi yake ni kulinda waya na alteneta isizidiwe. Shoti za mistari zinakatwa na B16, na shoti ya ndani ya bodi inaachiwa rilei ya volti.

Rilei hiyo watu wengi huiona ya kulinda friji tu. Kwenye jenereta ni kinga ya shoti. Shoti kubwa ikishika chanzo kidogo, ampea hazipandi sana lakini volti zinaanguka mpaka chini, na rilei inaangalia volti. Iweke ikate chini ya 190 V kwa kuchelewa sekunde 1, na juu ya 260 V. Ukiipunguza ikakata kwa sekunde 0.2, kila kompresa ikianza itazima sherehe. Upande wa TANESCO kuchelewa huko kunaipa breka nafasi ya kutangulia, jambo tunalolitaka, kwa sababu kontakta haikutengenezwa kukata maelfu ya ampea. Iunganishe kontakta kwa kitufe cha kuwasha na kujishikilia, ili volti zikirudi isijirudishe yenyewe juu ya shoti ambayo bado ipo.

Faida ya pili: nyutro ikikatika kwenye mfumo wa fezi tatu, mstari wenye mzigo mdogo hupanda kuelekea 400 V. Breka haitajua lolote. Rilei inayosoma kila fezi dhidi ya nyutro itajua, lakini nyingine husoma fezi kwa fezi tu. Kabla ya kulipa, hakikisha ina kituo cha N.

Kwa kVA 60 kwenda juu inafaa kutumia breka kuu ya kielektroniki yenye mipangilio miwili. Chenjiova hupewa kontakti ndogo ya pembeni inayopeleka ishara kwenye breka: ishara ikiwepo, tumia mpangilio wa TANESCO, isipokuwepo, tumia wa jenereta. Usigeuze mantiki hiyo. Waya wa ishara ukikatika, breka ibaki kwenye mpangilio mkali, ikate mapema kuliko kutokata. Mpangilio wa jenereta: mkondo wa kazi sawa na ule wa alteneta, shoti kwenye mara 2 ya hapo kwa kuchelewa sekunde 0.2, ili B16 za chini zitangulie. Mpangilio wa TANESCO: shoti mara 6, kuchelewa sekunde 0.1. Jenereta kubwa za kukodi huweza kuwa na rilei ya mkondo inayojishusha kadiri volti zinavyoanguka. Volti zikifika robo, kiwango chake cha kukata nacho hufika robo. Ukiikuta, iache ilivyo na panga breka zako chini yake.

Nyutro na ethi: hapa ndipo watu wanapigwa

RCD haijali ukubwa wa shoti. Inalinganisha umeme uliokwenda na uliorudi, na ikikuta tofauti ya 30 mA inakata ndani ya sekunde 0.3, ikikuta mara tano ya hapo, ndani ya sekunde 0.04. Ndiyo maana kwenye vyanzo vidogo inashika nafasi ya kwanza. Ila kuna sharti: umeme uliovuja lazima uwe na njia ya kurudi kwenye chanzo.

Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani nyutro ikiwa haijashikana na bodi yake ya chuma. Friza ikivuja, umeme unafika kwenye kasha, unakosa pa kurudi, na RCD haioni kitu. Mtu mmoja akigusa, huenda asisikie lolote. Kisha kifaa cha pili kinavuja kwa fezi nyingine, na mtu anayeshika makasha mawili anakaa katikati ya 400 V. Ukibonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, itakata vizuri kabisa, kwa sababu kitufe hicho huunganisha fezi na nyutro ndani ya RCD yenyewe. Hakigusi waya wa ethi, yaani wa ardhi. Kitufe kinathibitisha kwamba RCD ni nzima. Kwamba mtu analindwa, hakithibitishi.

Hatua zake:

Zima jenereta. Pima kwa multimita kati ya nyutro na bodi ya chuma. Karibu na 0 Ω, zimeshikana tayari, usiongeze nyingine. Ukinzani ukiwa mkubwa, unganisha nyutro na ethi kwa waya wa 6 mm² au zaidi kwenye vituo vya jenereta, kabla ya RCD yoyote. Ziunganishwe mahali pamoja tu. Ukiunganisha tena ndani ya bodi baada ya RCD, sehemu ya mkondo wa nyutro itarudi kupitia ethi na RCD itaruka kila ukiwasha taa.

Kwa sababu hiyo hiyo chenjiova lazima ikate nyutro. Ikikata fezi tatu tu, nyutro ya TANESCO na ya jenereta zinabaki zimeungana, mkondo unazunguka njia usiyoitaka, na fundi wa TANESCO aliye kwenye nguzo hajui. Waya wa ethi peke yake haukatwi kamwe.

Inveta zina tabia yake. Baadhi huunganisha nyutro na ethi zenyewe kwa rilei ya ndani zinapoingia kwenye betri. Nyingine, hasa za bei rahisi zisizo na transfoma, hutoa 115 V kila upande dhidi ya kasha. Ukilazimisha nyutro na ethi unaiunguza. Kama kitabu kinakataza, usiunganishe: ilishe kifaa kimoja tu, mbali na bodi.

Fimbo ya ethi ya mita 1.2 hadi 1.5 ipigwe karibu na bodi, na waya wake usiwe chini ya 10 mm². Usitegemee fimbo ikatishe breka. Fimbo yenye 20 Ω, ambayo ni nzuri sana, hupitisha 230 ÷ 20 = 11.5 A, B16 haitatikisika. RCD itakata. Lenga chini ya 100 Ω. Kwenye mchanga mkavu wa ufukweni, au pale Unguja ambapo fimbo inagonga tumbawe kabla ya nusu mita, piga mbili au tatu zikipishana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo, ziunganishe, mwagia maji, kisha pima. Chuma cha jukwaa na nguzo za turubai viungwe kwenye ethi hiyo hiyo.

Kupima, kwa kila chanzo

Umeme ukiwa umezimwa na vifaa vyote vimechomolewa: ethi kutoka bodi hadi pini ya soketi ya mwisho, chini ya 0.5 Ω kwa nyaya fupi. Pima kwa mega (kipima insulesheni ya waya) kwa 500 V kati ya fezi na ethi, kisha nyutro na ethi. Chini ya 1 MΩ kuna plagi yenye maji au waya uliokanyagwa. Usipige mega vifaa vya elektroniki vikiwa vimechomekwa.

Kisha washa. Kwenye soketi ya mbali kuliko zote tumia kipima RCD, au angalau testa ya plagi yenye kitufe cha RCD, inayovujisha umeme kweli kweli kupitia ethi. Fanya hivyo ukiwa kwenye TANESCO, geuza, fanya tena ukiwa kwenye jenereta. Ikikata kwa TANESCO na kugoma kwa jenereta, nyutro haijashikana na ethi. Hilo ndilo kosa tunalolikuta kuliko mengine yote.

Kugeuza wakati wa shughuli: shusha mistari yote, geuza chenjiova, subiri sekunde 10 jenereta itulie kwenye 50 Hz, bonyeza kitufe cha kontakta, pandisha mistari mmoja mmoja. Friza ziwe za mwisho. Ukirudi TANESCO zipe friza dakika tatu.

Zinazosumbua zaidi

RCD inaruka bila sababu. Sababu ipo. Taa za LED na kompyuta huvujisha kidogo kidogo kupitia filta zao, na RCD ya 30 mA inaruhusiwa kukata kuanzia 15 mA. Taa kumi za jukwaa zenye 1.5 mA kila moja zimefika hapo. Bana fezi na nyutro pamoja kwenye mita ya kubana inayosoma miliampea. Ukizidi 9 mA, gawa mstari. Usibadilishe RCD ya 30 mA kwa ya 300 mA, hiyo ni ya kuzuia moto, siyo ya kumwokoa mtu.

Kuruka daraja fezi tatu. Jenereta ya fezi moja ikichomekwa kwenye bodi ya fezi tatu, watu huunganisha fezi zote pamoja. Kwa fezi tatu za kweli mikondo hufutana kwenye nyutro. Kwa daraja inajumlishana. Waya tatu zikibeba 20 A kila moja, nyutro moja inabeba 60 A na hakuna breka juu yake. Tumia mstari mmoja wa bodi, ndani ya uwezo wa jenereta hiyo.

Inveta inazimika yote na breka hazijaruka. Hiyo ndiyo kazi yake: imejizima kwa haraka kuliko B16 yoyote. Kwenye mistari ya inveta weka B6 na RCD ya 30 mA, na ulishe sauti ya mzungumzaji, taa za njia ya kutokea na vifaa vya kliniki tu. Ikizimika, shusha B6 zote, iwashe ikiwa haina mzigo, pandisha moja moja kwa kupishana sekunde tano. Itakayoizima tena, chomoa vifaa vyake vyote na uipandishe ikiwa tupu. Ikishika, kasoro iko kwenye kifaa. Isiposhika, fuata waya ule kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa, uanzie pale unapopita chini ya mguu wa kiti au mlango wa gari.